Baiskeli Inalia Wapi? Mwongozo wa Kuusaka Mlio Hadi Unapotoka

Baiskeli ikianza kulia, wa kwanza kulaumiwa ni cheni, na dawa ya kwanza ni mafuta. Yanamiminwa kwenye cheni, kwenye pedali, kwenye habu (kitovu cha gurudumu), wengine hadi kwenye ringi. Siku mbili mlio unapungua. Siku ya tatu unarudi, na safari hii umekuja na vumbi la Dodoma lililonata kila mahali mafuta yalipopita.

Chuma cha fremu kinasafirisha sauti. Kinacholia chini ya kiti kinaweza kusikika kwenye pedali, na pini ya krenki, yaani ya mkono unaobeba pedali, iliyolegea inaweza kukufanya uape kwamba tatizo liko kwenye usukani. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kupaka wala kukaza. Ni kuuhoji mlio, swali baada ya swali, hadi ubaki na sehemu moja tu ya kufungua.

Maelezo haya yamelenga zaidi baiskeli nzito za chuma zinazobeba mkaa, madumu na magunia kati ya mjini na Bahi, Chamwino au Kongwa: zile za ringi 28, breki za vyuma na krenki za pini. Za gia tutazigusa pale zinapotofautiana.

Vitu vya kuwa navyo

Spana za namba 10 hadi 17, na ya 15 iwe nyembamba kwa ajili ya pedali. Bisibisi bapa, nyundo, kipande cha bomba nene la chuma lenye urefu wa kiganja, brashi ya waya, matambara, mafuta ya taa nusu lita, grisi, oili safi kidogo ya injini, rula ya chuma na chaki nyeupe. Kwa kudondoshea oili, bomba la sindano tupu linashinda kopo lolote, kwa sababu linatoa tone moja unapotaka tone moja.

Tenga muda wa utulivu

Fanya kazi hii asubuhi mapema. Upepo wa Dodoma ukishaanza, hasa kuanzia Agosti kuelekea Oktoba, huwezi kusikia mlio mdogo hata ukiinamisha kichwa. Tafuta kipande cha lami tupu, kwa sababu barabara ya vumbi yenye makorongo inaifanya kila nati ilie na hutajua ipi ni ipi.

Kisha vua kila kitu kisicho sehemu ya baiskeli: kufuli, kikapu, mipira ya kufungia mzigo, kengele ikiwa imelegea. Toa funguo mfukoni. Vua kandambili, vaa viatu vya soli ngumu. Soli ya mpira ikisugua pedali ya mpira inatoa mlio wa panya kila mguu unaposhuka, na pedali nzima zimeshabadilishwa kwa sababu hiyo tu. Jaza upepo kwenye tairi hadi kidole gumba kisizame. Panda. Ikiwa mlio umekwisha, ulikuwa kwenye vitu ulivyovua. Virudishe kimoja kimoja mpaka umpate mwenyewe.

Maswali ya barabarani

Nenda mwendo wa kawaida mpaka mlio uanze, halafu acha kukanyaga na uiache baiskeli iserereke. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mlio ukinyamaza, uko kwenye kinachozungushwa na miguu au kinachobanwa na nguvu ya miguu: cheni, krenki, ekseli ya kati (ile inayounganisha krenki mbili ndani ya fremu), pedali, wakati mwingine kiti au usukani. Mlio ukiendelea wakati miguu imetulia, uko kwenye magurudumu, breki, madigadi au friwili, yaani sproketi ya nyuma inayozunguka bure unapoacha kukanyaga. Ile tiki-tiki ya friwili baiskeli inaposerereka si ugonjwa. Ni vijino vyake vya ndani vikipita kwenye meno, na haitibiwi.

Sasa kanyaga ukiwa umesimama, makalio yasiguse kiti. Mlio ukiisha, achana na krenki; kilichokuwa kinalia ni kiti, springi zake, kibano chake au bomba lake. Ukibaki, kanyaga ukiwa umekaa lakini mikono iguse usukani kwa ncha za vidole tu, bila kuuvuta. Ukiisha hapo, tafuta kwenye shingo ya usukani. Kisha kanyaga kwa mguu mmoja mita thelathini hivi, ubadilishe mwingine. Mlio wa pedali ya kushoto hauji mguu wa kushoto ukiwa umeinuliwa.

Mwisho panda mlima. Kama uko karibu na vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma huna haja ya kutafuta mbali. Mlio unaokuja mlimani tu na kupotea tambarare unatokana na vitu viwili vinavyosogeleana chini ya nguvu: pini, nati, nyuzi za skrubu, makutano ya spoki, au ufa. Mlio ulio sawasawa mlimani na tambarare mara nyingi ni ukavu.

Kuhesabu mdundo

Wengi wanaruka sehemu hii, na ndiyo inayookoa saa nzima ya kufungua na kufunga. Kila sehemu ya baiskeli inazunguka kwa kasi yake. Ukijua mlio unarudi baada ya mzunguko gani, umejua unakokaa.

Hesabu meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, ya mbele na ya nyuma. Tuseme mbele kuna 48 na nyuma 18. Gawanya: 48 kwa 18 ni 2.67. Maana yake pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na theluthi mbili. Sasa panda, na kila pedali ya kulia inapofika chini sema "moja" kimoyomoyo. Mlio ukiangukia kwenye "moja" yako kila mara, uko kwenye krenki, pedali au ekseli ya kati. Ukija mara mbili kwa kila mzunguko, mguu wa kulia na wa kushoto, shuku ekseli ya kati au kiti, ambavyo vinapata uzito wa miguu yote miwili. Ukija haraka zaidi ya miguu, karibu mara nane kwa kila mizunguko mitatu ya pedali, uko kwenye gurudumu.

Kuna mdundo wa tatu, unaowapoteza hata mafundi. Mlio unakuja, unapotea, unakuja tena, na hauangukii kwenye mguu wowote. Hiyo ni cheni. Hesabu pingili zake. Kila pingili ina urefu wa nusu inchi. Cheni ya pingili 112 kwenye sproketi ya meno 48 inamaliza mzunguko wake baada ya pedali kuzunguka mara 2 na theluthi, kwa hiyo pingili moja ngumu au iliyopinda italia mara ukiwa na mguu wa kulia, mara wa kushoto, mara katikati. Funga uzi mwekundu kwenye pingili moja, pindua baiskeli miguu juu, zungusha pedali taratibu kwa mkono ukitazama nyuma cheni inapotoka kwenye sproketi. Pingili ngumu hainyooki; inatoka ikiwa imekunjamana kidogo na kuinua cheni nzima. Ikunje kulia na kushoto kwa vidole, si juu na chini, ukidondoshea oili, hadi ilegee.

Kwa baiskeli ya gia, badilisha gia ukiwa kwenye mwendo. Mdundo ukibadilika pamoja na gia, tatizo liko nyuma. Ukibaki na mguu, liko katikati.

Kuipima ikiwa imesimama

Ukishajua mtaa, sasa tafuta nyumba. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole cha mkono mwingine kikiwa pale shingo inapokutana na fremu. Kugonga kunakosikika kidoleni ni gololi za shingo zilizolegea. Shika tairi karibu na fremu, lisukume kushoto na kulia: gurudumu likicheza wakati nati za ekseli zimekazwa, koni (nati za mviringo zinazobana gololi za habu) zimelegea. Fanya hivyo hivyo kwa mikono ya krenki. Minya spoki mbili mbili zinazokatana, kuzunguka gurudumu lote. Kaba gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kuusokota usukani.

Mlio ukibaki kubishaniwa kati ya sehemu mbili, tumia bisibisi ndefu kama daktari anavyotumia kipimo chake cha kifuani. Ncha iguse nati ya ekseli, mpini ubanwe kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na mtu mwingine azungushe gurudumu taratibu. Gololi nzima inasikika kama maji yanayotiririka mbali. Iliyolika inasikika kama mchanga kwenye jino. Nywele, vidole na kanga vikae mbali na spoki.

Cheni na mafuta yake

Ikiwa maswali yamekupeleka kwenye cheni, usiongeze mafuta juu ya uchafu. Mchanga uliochanganyika na mafuta ni msasa wa maji, unasaga pini za cheni kila unapokanyaga.

Fungua klipu ya cheni, kile kibano kidogo cha pingili ya kufungulia, itoe, iloweke kwenye mafuta ya taa robo saa, isugue kwa mswaki wa zamani, badilisha mafuta ya taa mpaka yabaki meupe. Itundike ikauke kabisa. Kisha inyooshe na kuipima kwa rula ya chuma: pingili 24 zinatakiwa ziwe inchi 12 kamili kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, yaani milimita 305 hivi. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, karibu milimita 308, cheni imekwisha, na meno ya sproketi huenda tayari yamechongoka kama mapezi ya papa. Cheni mpya juu ya meno hayo italia na kuruka. Badilisha vyote kwa pamoja.

Kuhusu mafuta, tuseme wazi. Mafuta ya alizeti ni ya kupikia. Singida na Dodoma hayakosi nyumbani, na ni rahisi kuchota kijiko, lakini yanapokaa hewani hukaza na kuwa utando unaonata kama gundi. Wiki mbili baadaye pingili zinakuwa ngumu na vumbi limejenga kiota. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya pikipiki nayo usiipake. Ina masizi na unga wa chuma ulioshasagika ndani ya injini. Tumia oili safi, tone moja kwa kila rola (kigurudumu kilicho katikati ya pingili), upande wa ndani wa cheni ya chini, huku ukirudisha pedali nyuma polepole. Zungusha dakika mbili, iache ilale usiku, asubuhi ifute kwa tambara kavu mpaka nje ionekane kana kwamba haina mafuta. Yanayotakiwa ni yale yaliyoingia ndani. Yaliyobaki nje yanafanya kazi moja tu, kukusanya vumbi.

Kwa miezi ya kiangazi, Mei hadi Novemba, nta ya mshumaa mweupe wa kawaida inafaa kuliko oili, kwa sababu ikiganda haishiki vumbi. Cheni lazima iwe imeoshwa haina mafuta hata kidogo. Yeyusha mishumaa ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Usiliweke kopo moja kwa moja motoni, mvuke wa nta unashika moto. Zamisha cheni, subiri dakika kumi hivi hadi mapovu madogo yaache kutoka, ivute kwa waya, ifute haraka na kuitundika. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo. Ikunje kunje kabla ya kuifunga. Masika yakianza, rudi kwenye oili, maana nta ikinyeshewa haichelewi kutoka.

Wakati wa kurudisha klipu, upande wake uliofungwa utangulie kule cheni ya juu inakoelekea, yaani mbele. Ikiwekwa kinyume, ikigusa kitu inafunguka. Livute gurudumu la nyuma na ulikaze pale cheni inapocheza kama sentimita moja juu na chini katikati. Cheni iliyokazwa kama waya wa kuanikia nguo inalia yenyewe na inakula gololi za katikati.

Krenki na ekseli ya kati

"Tak" moja nzito kila mzunguko, inayozidi unapobeba mzigo: kwa baiskeli za pini, anzia hapa. Weka mikono ya krenki mlalo, simama pembeni, bonyeza pedali zote mbili kwa wakati mmoja kwa nguvu. Zungusha nusu mzunguko, bonyeza tena. Mkono unaoshuka hata kwa upana wa ukucha una pini iliyolegea.

Kuitoa pini kuna namna. Legeza nati hadi uso wake ulingane na ncha ya pini, usiivue, ili nyundo isiharibu nyuzi. Simamisha kipande cha bomba juu ya zege au jiwe bapa, ulaze krenki juu yake ili kichwa cha pini kiwe ndani ya tundu la bomba. Sasa piga pigo moja la uhakika. Bila bomba, pigo lote linapita kwenye ekseli na kuishia kwenye gololi, ambazo zinachimba vishimo kwenye bakuli zao, yaani vikombe vya chuma zinamozunguka. Umeondoa mlio mmoja, umepanda mwingine.

Ukiipata mkononi, igeuze kwenye mwanga. Upande mmoja wa pini umechongwa bapa. Kwenye pini nzima, bapa hiyo ina mikwaruzo sawasawa toka juu hadi chini. Pini iliyokuwa inalia ina ngazi: katikati ya bapa kuna mfereji uliochimbwa na ukingo wa ekseli, mweusi, unang'aa kama kucha iliyopakwa rangi, na pembeni yake kuna unga mwekundu kama pilipili iliyosagwa. Ule unga ni chuma kilichosagwa na kushika kutu. Pini ya namna hiyo haikazwi tena. Ukiikaza leo, kesho imelegea, na inaanza kula ekseli yenyewe.

Nenda dukani ukiwa nayo. Kuna pini za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho ni pacha. Nyembamba itazama mno na kulegea, nene haitaingia vya kutosha. Wakati wa kufunga, moja iingie kutoka juu na ya pili kutoka chini. Zikiingia upande mmoja, mikono ya krenki haitakuwa mstari mmoja na utahisi unachechemea. Igongee ndani kwa nyundo, krenki ikiwa imeegemea bomba, ndipo ukaze nati. Nati inashikilia tu. Anayeivuta pini kwa nguvu ya spana anavua nyuzi. Baada ya kilomita 20 au 30, gonga tena na kaza tena, kwa sababu pini mpya hukaa sawa ikishabeba mzigo.

Krenki za kisasa zenye tundu la mraba hazina pini. Kaza bolti yake ya namba 14 au ya alenki namba 8 kwa nguvu nzuri ya mkono mzima. Usiendelee kuiendesha ikicheza hata kwa siku moja: aluminiamu ni laini, tundu linakuwa la duara na krenki ni ya kutupa.

Pini zikiwa nzima na bado kuna mkwaruzo wa mchanga, ni gololi. Bakuli la kushoto ndilo la kufungua na kurekebisha. La kulia, upande wa cheni, kwenye baiskeli nyingi za aina hii lina nyuzi za kinyume, na halina sababu ya kutolewa kama halijaharibika. Futa ndani yake likiwa palepale. Tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua, na uhesabu gololi zinazodondoka. Kwa kawaida ni 11 za robo inchi kila upande zikiwa hazina kikapu. Zikitoka 10, moja imevunjika au ilisahaulika, na vipande vyake ndivyo vinavyolia. Badilisha zote, usichanganye mpya na kuukuu, maana mpya ni kubwa kidogo na zitabeba uzito peke yake. Jaza bakuli grisi, zipange, rudisha ekseli. Kaza bakuli la kushoto kwa vidole hadi mchezo uishe, rudisha kidogo ikikwaruza, kisha lishikilie lisigeuke wakati unakaza pete ya kufungia.

Kwa waliovuka mashamba ya mpunga ya Bahi au mbuga za udongo mweusi wakati wa masika: maji yanashuka kupitia bomba la kiti na kukaa humo humo kwenye ekseli ya kati. Fungua sehemu hii mara mvua zinapokatika, Aprili au Mei, hata kama hailii bado.

Pedali

Pedali ya kushoto inafunguka kinyume. Kumbuka hivi: spana ikiwa juu ya pedali, zote mbili zinafunguka kwa kuisukuma spana kuelekea nyuma ya baiskeli. Zitoe, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, paka grisi, rudisha kwa vidole kwanza na spana mwishoni. Nyuzi kavu zinalia "tak" inayofanana kabisa na ya pini ya krenki, na dawa yake ni ya dakika kumi, kwa hiyo jaribu hii kabla ya kushika nyundo. Kwenye pedali za mpira, kaza pia nati ndogo zinazoshikilia vipande vya mpira.

Magurudumu

Anza na vitu vidogo. Mbigili au kijiwe kilichonasa kwenye tairi kinagonga madigadi kila mzunguko. Nati ya valvu iliyolegea inagonga ringi. Waya wa madigadi unasugua spoki. Hivi vinamalizika kwa mkono mtupu.

Spoki zikilegea zinasuguana pale zinapokatana, na chini ya mzigo zinatoa sauti ya "tin, tin" kavu. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 juu ya gurudumu la nyuma, mbali na wewe mwenyewe, na spoki za upande wa sproketi ndizo zinazochoka kwanza. Gonga kila moja kwa spana ndogo: iliyokaza inaimba, iliyolegea au kukatika inatoa sauti ya kufa. Kaza robo mzunguko kwa wakati, ukitazama ringi isiyumbe. Kama zote zimekaza na bado zinalia, tone la oili kwenye kila makutano linatosha.

Kwa habu: nyuma kwa kawaida kuna gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele 10 za 3/16 ya inchi. Futa koni na uangalie njia gololi zinapopita. Inatakiwa iwe mstari laini unaong'aa. Ikiwa na vishimo kama makovu ya tetekuwanga, grisi haitaisaidia. Badilisha koni pamoja na gololi. Ukishafunga, kaza koni kwa vidole hadi iguse, irudishe kiasi kisichozidi robo mzunguko, ishikilie kwa spana nyembamba wakati unakaza nati ya kufungia. Inua gurudumu, liache. Likiwa sawa litabembea lenyewe na kutulia sehemu nzito ikiwa chini. Likisimama ghafla popote, umelikaza mno.

Friwili ikilia kwa ukavu, laza baiskeli ubavu, dondoshea oili nyepesi kwenye mwanya huku ukiizungusha kinyume. Isitiwe grisi. Grisi inavigandisha vijino vya ndani na pedali itazunguka bure ukiwa katikati ya barabara.

Breki, kiti, keria

Breki inayopiga kelele haipakwi mafuta kamwe, wala ringi yake. Futa ringi kwa tambara lenye maji ya sabuni, sugua raba kwa msasa hadi ule uso unaong'aa uishe, chokoa vichanga vilivyozama. Kwa breki zinazobana ubavuni mwa ringi, pachika raba ili ncha ya mbele itangulie kugusa, nyuma ikiwa na mwanya wa milimita moja.

Kiti: toa bomba lake lote, lifute, paka grisi nyepesi, kaza kibano. Tone la oili kwenye kila ncha ya springi. Keria: kaza bolti za miguu yake chini kwenye ekseli na juu karibu na kiti, kisha ipime ukiwa na mzigo, sio tupu.

Ukikosa kila mahali, tafuta ufa

Mlio unaozidi kila siku, unaokuja chini ya mzigo tu, na umeshakaza kila kitu, unaweza kuwa fremu inafunguka. Angalia chini ya shingo, kuzunguka ekseli ya kati, na pale ekseli ya nyuma inapokaa. Osha sehemu hiyo, ipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, ifute kavu kabisa. Kisha isugue chaki nyeupe mpaka rangi ya fremu isionekane, kaa juu ya baiskeli na kuitikisa. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele.

Mstari ukionekana, usibebe mzigo wala mtu. Fremu ya chuma inachomelewa na fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri. Ya aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya mageti na madirisha. Ikilazimishwa, itakatika pembeni ya ule mchomeleo.

Ukiipeleka kwa fundi

Usimwambie "inalia tu". Msalimie, mweleze ulichogundua: "Shikamoo fundi. Inalia mara moja kila pedali ya kulia ikishuka. Nikisimama inalia bado, nikiacha kukanyaga inanyamaza. Pedali nimezitoa nikapaka grisi, haijabadilika." Fundi akisikia hivyo anajua aende moja kwa moja kwenye pini au ekseli ya kati, na hakuna sababu ya kukutoza kwa kufungua magurudumu. Panda naye kuijaribu kabla ya kulipa, ikiwezekana na mzigo ule ule unaoilizaga, na umwombe akupe mkononi pini au gololi alizotoa uzitazame.